Nilitafsiri Shukrani Mahali pa Lawama

Mama Kalaba mpendwa, nakuomba unisikilize, maana nimebeba jambo ambalo hata padri sijamwambia. Mume wangu ni mtafiti pale chuo kikuu, anatafuta udaktari, si wa sindano bali wa vitabu, na anachochunguza ni siasa ya misaada ya nchi moja ya Asia ambayo juzi tu yenyewe ilikuwa inapewa na leo inawapa wengine, sisi tukiwamo, na mimi namheshimu mno kwa sababu wenzake wanaandika wakikaa ofisini, yeye amezunguka vijiji vya Mokambo kwa baiskeli miaka miwili akiwauliza watu kama walichopewa kinawafaa. Kibemba hakijui, ni mtu wa kaskazini, basi nikawa mkalimani wake. Kijijini kwetu nchi ile ilileta mashine ya kusaga unga, na mama yangu ndiye mkubwa wa wanawake wanaoitumia, na kwa kuwa mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso, mama alikaa nyuma ya ukuta wa jikoni akapaza sauti kwa Kibemba: "Umwambie bwana yako, mashini iko muzuri, lakini mukaba, ule mukanda ya kuzungusha gurudumu, ilikatika, ingine inatoka kwao tu, na sasa mwezi ya nane tunatwanga na mikono. Bale ba kuileta habakutuuliza kitu." Nikaona aibu, mama kumlalamikia mkwe juu ya zawadi ya wageni! Nikatafsiri: "Wanashukuru sana." Na vijiji vilivyofuata nikalainisha hivyo hivyo. Mwezi ujao anaitetea kazi yake mbele ya maprofesa, ukurasa wa kwanza ameandika jina langu, ananiambia, "Weye njo masikio yangu," yaani ndimi masikio yake. Nikisema namvunja, nikinyamaza namdanganya, nifanye nini?

Mke wa Mtafiti, Kampemba, Lubumbashi

Mama Kalaba anajibu:

Dada yangu, pole, halafu ngoja nikugombeze. Mumeo nampenda bila kumjua. Siku zote wageni ndio wanaokuja kutupima sisi. Huyu amechukua kalamu akampima mpaji. Mtu wa namna hiyo unamlisha "wanashukuru"?

Na mama yako! Mama mkwe kupaza sauti ili mkwe asikie, unajua uzito wake? Aliiweka aibu kando kwa ajili ya unga wa kijiji kizima, wewe ukamziba mdomo. Hapo umenikasirisha kweli.

Sasa usilie. Chukua daftari, andika kila neno unalokumbuka, kijiji kwa kijiji, na usilolikumbuka useme hulikumbuki. Mpe mkononi. Atakasirika, muache akasirike, usimjibu. Aombe siku isogezwe, arudi Mokambo na mkalimani mwingine, nawe ukamwombe mama yako msamaha. Mtu aliyepiga baiskeli miaka miwili kutafuta ukweli hatashindwa kurudi.

Jina lako nimelificha. Lakini Lubumbashi nzima, nani mwingine amezunguka Mokambo kwa baiskeli akiulizia mashine? Gazeti hili linauzwa tangu asubuhi. Mwambie kabla hajalinunua.