Firigisi ya Bata wa Lamboni

Mjukuu wangu Ghati,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Babu yako mzima, na ng'ombe mwekundu amezaa.

Unauliza kama tuliwahi kupata dhahabu. Watu walipokimbilia mashimo ya Kewanja, babu yako alibaki hapa Nyambureti akitega bata lamboni, wale wazamiaji wanaokuja kila mwaka wakikimbia baridi ya kwao Ulaya. Alidai wakizama wanameza dhahabu. Akanasa mmoja. Nikapasua firigisi, tukaiosha kwenye karai, majirani wamejaa. Mchanga mtupu! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Babu yako alikuwa anamtazama bata mwenza aliyebaki lamboni, akizama na kuibuka palepale mwenzake aliponaswa. Akaenda kung'oa mitego yote.

Juzi bata wale wametua tena. Babu yako huenda kuwahesabu kila asubuhi. Nikimuuliza wangapi, hunijibu, "Wote wapo."

Bibi yako