Kasuku wa Bibi Apata Kipara Mikononi mwa Kinyozi

Mpendwa Mama Nyoosha,

Msaada wako nauomba nikiwa nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe cha kunyolea, mlango nimeurudisha na wateja nimewaambia umeme umekatika, maana leo kichwa kinachohitaji kushughulikiwa ni changu. Mimi ni kinyozi, nina duka la viti viwili, nilioa mwaka jana, na mke wangu amelelewa na bibi yake mzaa mama, mwanamke mdogo wa umbo lakini akikutazama unajikuta umesimama wima kabla hujaambiwa, na bibi huyu ana kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, jina lake Bwana Maneno, ambaye ameishi naye tangu mke wangu yuko shule ya msingi.

Sasa bibi amehamia kwa mjomba wa mke wangu, na huko mke wa mjomba ana pumu, vumbi la manyoya linamkaba, kwa hiyo ikabidi bibi na ndege wake waachane, na wajukuu waliomtaka yule kasuku walikuwa wengi, lakini bibi akawapita wote kama hakuwaona, akaja kunikabidhi tundu mimi, mkwe, mbele ya watu, akasema, "Mjukuu nilikupa, na huyu nakupa. Nitakuja kuwatazama wote wawili." Mama, kichwa kilinivimba! Tangu siku niliyopeleka posa sikuwahi kuwa na hakika kama bibi yule ananipenda au ananivumilia tu.

Basi nikafanya nilichoona ni heshima. Mke wangu ni mwoka mikate, anatoka kabla sijaamka na akirudi yuko hoi, nami nashinda dukani, nikasema ndege asibaki nyumbani peke yake, nikampeleka kazini na kumtundika mahali pazuri kuliko pote, kati ya kioo cha mbele na kioo cha nyuma, ili kila mteja amwone kifua na mgongo, kama ninavyomwonyesha mteja kisogo chake. Siku za mwanzo ilikuwa raha tupu! Bwana Maneno ana tabia ya kuitikia "Marahaba!" kabla hujamwamkia, sasa anaingia mwalimu mkuu mstaafu, mvi kichwa kizima, ndege anamwambia "Marahaba!" na duka zima linaangua kicheko, mpaka mzee mwenyewe akasema, "Haya, shikamoo basi, yaishe." Akajifunza na mlio wa mashine, akawa anaunguruma nyuma ya masikio ya watu, mteja anajishika kichwa, "Kinyozi, taratibu, hatujaelewana bado!" na mashine yangu imelala mezani. Wateja wakaongezeka, kila mmoja na zawadi yake, huyu karanga za chumvi, huyu biskuti, huyu vibanzi vya viazi, mwingine akamnywesha soda kwa kifuniko cha chupa, nami naona ni upendo, nitamkataza nani?

Halafu mambo yakageuka. Akaanza kukitikisia kioo kichwa, anapandisha na kushusha shingo, kisha anacheua chakula na kukibandika kwenye kioo, mimi nafuta kwa spiriti, yeye anabandika, mimi nafuta, nikasema ndege anatapika, tumbo limechafuka, nikamwongezea mbegu za alizeti apate nguvu. Baadaye akanyamaza. Hakuna marahaba, hakuna mashine, hakuna lolote. Na wiki hii ameanza kujinyonyoa manyoya ya kifuani mpaka ngozi inaonekana, Mama Nyoosha, mimi kinyozi nina ndege mwenye kipara, na kwa kuwa vipara ndiyo kazi yangu nikampaka mafuta ya kuotesha nywele, yale mazuri ninayowawekea wateja wa heshima, na sasa amekaa amejikunyata, manyoya yamegandana, ananitazama kwa jicho moja kama anayesubiri maelezo.

Mke wangu akiuliza hali ya ndege namjibu mzima wa afya. Bibi akipiga simu na kutaka kuongea naye nasema amelala, na jana akaniuliza, "Huyo kasuku mmemwajiri ulinzi wa usiku? Mbona analala mchana kutwa?" Nikacheka, lakini jasho lilinitoka. Anakuja mwisho wa mwezi. Rafiki yangu fundi viatu wa mlango wa pili ananiambia nisijitese, anamjua mtu mwenye kasuku anayefanana na wetu kama shilingi kwa ya pili, tumbadilishe kimya kimya, bibi macho yake si ya zamani. Je, nifanye hivyo? Ndege nampenda, nakuapia, lakini naogopa bibi ataniona sifai, atasema kama ndege amenishinda basi na mjukuu wake nitaweza vipi kumtunza, na hapo nitakuwa mkwe wa kuvumiliwa mpaka kufa. Nijibu haraka.

Ni mimi, Kinyozi Roho Mkononi

*

Mama Nyoosha anajibu:

Kinyozi, kaa sawa kwenye kiti, leo nakunyoa mimi.

Barua yako imenichekesha mpaka jirani yangu wa dawati la michezo hapa gazetini akaja kuuliza kulikoni. Nilipofika kwenye mafuta ya nywele nikaacha kucheka. Mafuta! Kwenye manyoya! Baba wee, ndege si kichwa. Manyoya yakigandana na mafuta hayamkingi tena na baridi, na kwa kuwa hujisafisha kwa mdomo, yale mafuta anayameza. Kabla hujamaliza kusoma gazeti, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua ndege, na ile chupa uibebe daktari aione. Usianze kumsugua kwa sabuni yako ya dukani, maana nakujua sasa. Kujinyonyoa kunaweza kuwa ugonjwa, kunaweza kuwa upweke, kunaweza kuwa kukosa usingizi. Mimi sijui ni lipi, wewe hujui, na fundi viatu ndiyo hajui kabisa.

Nimemuuliza daktari mmoja ninayemfahamu kuhusu habari ya kioo, akacheka kunizidi. Ndege wako hakuwa anatapika, bwana. Alikuwa anachumbia! Kasuku akipenda humlisha mwenzake kwa kumcheulia. Wewe umemweka katikati ya vioo viwili, akatazama mbele akaona mchumba, akatazama nyuma akaona mashemeji, akatoa chakula chake kwa heshima zote, nawe ukaja na kitambaa cha spiriti ukafuta mahari. Siku nenda siku rudi analisha mtu asiyekula na kuongea na mtu asiyejibu. Wewe ungefanyiwa hivyo na mke wako usingejinyonyoa?

Kwa hiyo kioo kwanza kiondoke. Au tuseme kweli, ndege ndiye aondoke, kwa sababu vioo ni kazi yako. Duka la kinyozi si mahali pa kasuku. Mapafu yake ni mepesi kuliko unavyofikiri, na wewe unampulizia spiriti, poda na manukato tangu unafungua hadi unafunga, taa zinamwakia usoni, mashine zinanguruma. Mrudishe nyumbani. Mweke chumba ambacho watu hukaa, tundu liegemee ukuta ili awe na upande mmoja ambao hakuna kitu cha kumtokea ghafla, jua kali lisimpige, na jikoni asikaribie. Moshi wa jikoni unamdhuru, na vile vikaango visivyogandisha chakula vikiungua hutoa mvuke unaoweza kumuua ndege kabla hujajua kuna kitu kimeungua. Mwambie mwoka mikate wako, ataelewa upesi kuliko wewe.

Hujaniambia tundu lenyewe likoje, lakini kwa kuwa linaning'inia kati ya vioo naliona kwa macho ya akili: dogo, la mviringo, zuri kwa wageni. Tafuta la pembe nne, pana, akunjue mabawa yote mawili na kuyapiga bila kugusa nyaya. Ndani weka vijiti vya miti visivyo na dawa, vinene na vyembamba, miguu yake ipate mazoezi, na vitu vya kutafuna na kurarua: vipande vya mbao laini, maboksi, kamba ya katani. Kasuku asiye na kazi hujitafutia, na kazi iliyo karibu ni kifua chake. Kila siku mtoe atembee chumbani, madirisha yamefungwa na feni imezimwa. Giza likiingia, mfunike kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, zima taa na redio, alale usiku mzima kama mtoto mchanga. Zile simu zako za "amelala" zingekuwa za kweli, pengine tusingefika hapa.

Na hayo mapenzi ya wateja wako! Chumvi, sukari, soda na vibanzi ni sumu ya polepole, na parachichi, chokoleti, kahawa na vitunguu ni sumu ya haraka, hata kipande. Mbegu za alizeti ni tamu kwake kama peremende kwa mtoto, mpe chache kama zawadi. Chakula chake kiwe punje maalumu za kasuku ukizipata, na mboga za majani, karoti, boga, maharage yaliyochemshwa yakaiva bila chumvi, wali kidogo, matunda yaliyotolewa kokwa. Mbadilishie taratibu, maana kasuku akisusa anaweza kushinda njaa kwa ubishi. Maji safi asubuhi na jioni, chombo kioshwe, siyo kuongezwa juu ya machafu. Daktari akiruhusu, mnyunyizie maji matupu ya vuguvugu aoge. Maji matupu, Kinyozi! Usiongeze kitu.

Sasa tuje kwenye la fundi viatu. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata, nawe umeshika wembe kweli kweli. Unataka kumletea bibi kasuku mwingine? Utamfundisha huyo mgeni kuitikia marahaba kabla ya mwisho wa mwezi? Macho ya bibi yanaweza kuwa yamepungua, lakini masikio je? Na huyo ndege mpya, naye ana maisha yake, utamweka wapi baada ya bibi kuondoka? Na Bwana Maneno mwenyewe utamficha kwenye droo ya taulo? Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia mlangoni pa mke wako, ambaye siku atakayojua atasahau habari ya kasuku na kukumbuka tu kwamba kila jioni ulimtazama usoni na kumwambia mzima wa afya. Mwambie leo, mkiwa mmekaa, kabla hajajua kwa mtu mwingine.

Ukishatoka kwa daktari, mpigie bibi. Usimtume mke wako, usimtume mjomba. Piga mwenyewe, mwamkie, umwambie yote kwa mpangilio: vioo, soda, spiriti, na mafuta ya nywele usiyaruke. Usitafute maneno mazuri. Kisha umwulize aliyoyajua miaka yote hii na ambayo hukumwuliza siku alipokukabidhi tundu, kwa sababu ulikuwa na haraka ya kuvimba kichwa: anapenda kuamshwaje, anakula nini kwanza, anaogopa nini, ukimkuna ni shingoni au nyuma ya kichwa. Yule bibi amemwacha mwenzake wa miaka kwa sababu ya pumu ya mtu mwingine, na kila anapopiga simu anaambiwa amelala. Wewe unahesabu aibu yako. Yeye anamkosa rafiki. Weka simu karibu na tundu, wewe nyamaza, mwache bibi azungumze naye anavyotaka, na ufanye hivyo kila siku mpaka aje.

Atakukaripia, hilo usiwe na shaka. Atakuuliza akili zako ulizikatia wapi, atakutajia na mambo ya harusi usiyoyategemea. Vumilia, itikia "ndiyo bibi," usijitetee. Unaniambia unaogopa kuwa mkwe wa kuvumiliwa mpaka kufa. Mwanangu, mkwe wa kuvumiliwa huambiwa asante, haidhuru, tutaonana. Anayekaripiwa mpaka simu inapata moto ni mjukuu.