Mchumba wa Kaka Hamadi

Aristote, keti kwanza! Kaka Hamadi ameumbuliwa leo hapa Kabambare.

Unaujua ugonjwa wake wa kusikia sauti. Ili majirani wasimwite kichaa, mama alitangaza kwamba zile safari za Kasongo kwa mwanasaikolojia ni za kumwona mchumba.

Mchumba!

Leo Hamadi anawasha pikipiki, akaona jirani yetu mzee, papa Sumaili, mlangoni na mbuzi, akimwita: "Twende tukatoe mahari!"

Mbuzi, Aristote! Mama nusura azimie.

Hamadi akazima pikipiki. "Papa, muchumba hakuna. Nasikia sauti mu kichwa. Kule Kasongo naenda kwa mwanasaikolojia, monsieur Blaise, ananifundisha kuzijibu."

 

Papa Sumaili akakohoa. "Na mimi silali tangu nikimbie vita ya Salamabila. Huyo Blaise anapokeaka mbuzi kama malipo?"

Wameondoka kwa pikipiki moja, mbuzi katikati.