Ufunguo wa Tangi

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimefagia wodi bila kupiga deki, tena. Siku ya kumi na moja bomba halijatoa hata tone. Pampu iko ziwani, dizeli hakuna. Mvua nayo imetususia. Ziwa lote lile liko chini ya Ujiji, na sisi zahanati tunawaambia wajawazito waje kujifungua na ndoo zao za maji.

Dizeli ya pampu hakuna, ila ya boza imepatikana. Boza limepita leo mara mbili likimwaga maji barabarani, ili vumbi lisimchafue Mgeni Rasmi siku ya Jumamosi. Wanawake walilikimbilia na makopo. Nami nilikimbia, mtu mzima na kitambulisho cha kazi kifuani. Sioni haya kuandika.

Jumanne, 8 Oktoba

Boza limejaza tangi jipya mbele ya zahanati. Tangi limepakwa rangi ya bluu, lina koki moja inayong'aa. Mgeni atakata utepe, atafungua koki, maji yatatoka, tutapiga vigelegele. Nimelizunguka lote. Hakuna bomba lolote linaloingia. Ni maji ya boza tu, yamewekwa ndani kama mwali, yasiguswe mpaka siku yake.

Koki imefungiwa kwenye kisanduku cha chuma, na ufunguo Mtendaji wa Kata kanikabidhi mimi, mhudumu. Kasema mbele ya watu wote, "Mama Tatu ndiye mtu wa amana hapa." Nimefurahi. Mjinga mimi, nimefurahi sana. Nimeufunga kwenye pindo la kanga.

Jumatano, 9 Oktoba

Speransia amefukuzwa kwenye foleni ya kisima. Huyu ni mpangaji wangu wa chumba cha uani. Alivuka kutoka Burundi mwaka jana, akashukia Kibirizi na binti yake Odeta, sasa ana miaka minne. Karatasi hana, kambini hataki kwenda. Mgongo wangu mbovu, kwa hiyo yeye ndiye anayetuchotea maji sote watatu. Wamemwambia wenyeji kwanza. Wenyeji! Nusu ya mtaa huu babu zao walivuka ziwa hilohilo.

Kachota ziwani, pale pale watu wanapofulia na kujisaidia.

Jioni kaniomba. "Dada, ndoo moja tu. Ya kunywa. Nani atajua?" Nikamjibu kwamba amana ni amana, hata iwe ndoo moja. Akasema, "Ego, dada," ndiyo ya kwao, akacheka kidogo, akabeba dumu lake. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mkaa unatuishia. Nimemkuta Speransia akichemsha kisufuria kidogo: maji ya Odeta, na kikombe changu. Yeye anakunywa hivyohivyo mabichi. Nimemgombeza. Kasema kwao alikunywa ya mtoni miaka yote na hajafa.

Wagonjwa watatu wa kuharisha leo. Dripu zimekwisha. Daktari hajalitaja gonjwa lenyewe, lakini sote tunalijua. Mtendaji anawafanyisha watoto wa shule mazoezi ya ngoma juani.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nitaandika kwa kufuatana, nisije nikajidanganya baadaye.

Alfajiri Odeta kanigongea. Mama yake alikuwa sakafuni. Kaharisha na kutapika usiku kucha, kimya, ukuta mmoja tu kati yetu. Hakuniita. Aliogopa nitampeleka zahanati wakamuulize karatasi. Alinificha mimi.

Nimempeleka kwa baiskeli ya jirani, mimi nikimshikilia nyuma. Macho yamezama. Ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Daktari kaagiza gari la hospitali kubwa. Kasema mpaka lifike anyweshwe maji ya chumvi na sukari, mengi, bila kupumzika. Jagi la zahanati lilikuwa na maji ya vikombe viwili. Vikaisha.

Tangi liko hatua ishirini kutoka mlangoni. Ufunguo uko pindoni mwangu.

Nikaenda kuomba ruhusa.

Naandika tena nilione vizuri. Ufunguo ninao, nikaenda kuomba ruhusa. Kwa miguu, mpaka uwanjani, Mtendaji akipanga viti vya wageni. Nikamwambia kuna mtu anakufa. Kauliza nani. Nikamtaja. "Yule mkimbizi?" Kisha kwa upole kabisa, maana si mtu wa makelele: "Vumilia, Mama Tatu. Kesho tu. Likipungua leo, kesho nitasema nini?" Akarudia viti vyake.

Nikarudi mbio. Njiani ndipo nilipoamua kufungua. Njiani! Nilipofika Daktari alikuwa ameshamfunika. Gari lilikuwa halijafika.

Nimefungua. Maji ya kwanza ya tangi lile yamemwosha Speransia. Daktari katia klorini, mimi na mama mmoja wa kanisani kwa marehemu tukamwosha. Aliniomba ndoo moja. Nimemmwagia sita.

Kufuli sikulirudisha. Watu wakaanza kuja na madumu, hata wale waliomfukuza kisimani. Sikumzuia mtu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Tangi lilikauka kabla ya jua kutoka. Mtaa mzima ulijua isipokuwa Mtendaji. Nilisimama mstari wa mbele, kanga yangu nzuri, nikiisubiri aibu yake kwa hamu. Niliitaka ile koki ikohoe hewa tupu mbele ya kamera.

Mgeni Rasmi kachelewa kwa saa tatu. Kakata utepe. Kapigwa picha, mkono juu ya koki. Hakuifungua. Kasema safari bado ndefu, akaingia kwenye gari. Watoto hawakucheza hata ngoma moja.

Kumbe kwenye sherehe yote hakuna aliyekuwa na haja na maji yale. Hata Mgeni mwenyewe.

Nimelia chooni, kitambaa mdomoni. Nampa Mtendaji lawama zake zote, na anazistahili. Lakini yeye hakuwa na ufunguo.

Jumapili, 20 Oktoba

Bado mvua hakuna. Nimekwenda ziwani mwenyewe, na dumu la Speransia. Nimepumzika mara nne njiani. Yeye sikuwahi kumwona akipumzika.

Nimechemsha yote. Mkaa ukiisha nitavunja kitanda.

Mtendaji hajaulizia ufunguo. Nadhani kausahau. Upo pindoni bado, na Odeta anauchezea akikaa mapajani. Analala kwangu sasa. Kiswahili anakijua vizuri, ila usingizi ukimjia hurudi kwenye lugha ya mama yake. Jioni hii kasema, "Amazi."

Nimempa kikombe cha maji. Kanywa chote, kanitazama, kaomba tena. Nimempa tena.