Mikoko Yangu Imeota Chaza

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usicheke kabla hujafika mwisho. Mimi Selasi, shule niliiachia darasa la sita lakini kwa kupanda mikoko hakuna wa kunifikia mwambao huu wa Volta, ndivyo wasemavyo, maana alikuja Daktari Dzifa wa chuo kikuu, anayechunguza nani huwajibika mikoko iliyopandwa upya ikifa na kama wanakijiji hushirikishwa kweli au hupigwa picha tu, akampa kila mtu miche hamsini na vibao hamsini vyenye jina la mpandaji, basi yangu niliisukumia kwenye tope la kina ili niwahi mpira, ikaoza yote, nami nikavihamishia vibao kwenye mikoko iliyojiotea yenyewe nyuma ya kijiji.

Shangazi Akuvi alibakiwa na miche mitatu hai, akasema ukweli. Nikamcheka, "Shangazi, mkono wako ni wa kusonga ugali wa akple, udongo niachie mimi!" Naye: "Cheka tu, mwana wa kaka. Tope halijui mdomo."

Miezi saba baadaye Daktari akaja kukagua, mikoko yangu inanizidi kimo. Akachutama, akawashika chaza waliong'ang'ania mizizi, akasema, "Efo Selasi, ndugu yangu, hata chaza wanakupenda!" Nikatunisha kifua. Sasa anataka Jumanne, siku tusiyovua, nifundishe vijiji vitatu mbinu yangu, na miche yote ya msimu ipandwe hivyo. Nikisema ukweli Shangazi atanimaliza. Nifanyeje nisiaibike?

Selasi, Bingwa wa Mikoko

*

Selasi, bingwa wa vibao,

Nisamehe, nimecheka mapema. Lisilochekesha ni hili: ukifundisha tope la kina, miche ya msimu mzima itaoza, na akina mama waishio kwa kuvuna chaza watakosa pa kuvuna. Daktari anauliza nani atawajibika. Jina lako liko kwenye vibao hamsini.

Usiaibike? Umechelewa, mwanangu. Mkoko wa miezi saba haukufiki kiunoni, sembuse kuota chaza. Msomi wa mikoko kachutama, kawashika, kakutania, wewe ukatunisha kifua! Anajua. Anangoja useme mwenyewe.

Jumatatu kavivue vibao vyote, uvirudishe topeni, kila kibao kwenye kijiti chake kilichooza. Kisha nenda kwa Shangazi, umwombe akuonyeshe alipopanda ile mitatu. Atakusema mpaka akple ipoe. Uile hivyo hivyo. Jumanne wapeleke watu kwenye tope lako, sema, "Hapa msipande, nimeshajaribu." Halafu umwachie Shangazi afundishe, wewe mbebee ndoo ya miche. Kifua hicho kitunishe ukiwa na ndoo kichwani. Hapo ndipo kitafaa.