Msiba Haumo Katika Orodha

MAELEZO YA SHAHIDI KUHUSU KUVUNJWA KWA KIZUIZI CHA MTAA

Shahidi: Mwanamke, miaka 67, mwalimu mkuu mstaafu.
Makazi: Nyumba iliyopakana na ya marehemu, ndani ya mtaa wa kale wa watalii.

Mheshimiwa Mkuu wa Kituo, Bwana Meneja wa Utalii, afande unayeniandikia, nawe mwenyekiti wetu wa mtaa: nashukuru kwa kunisikiliza.

Mtaa wetu una kizuizi cha umeme. Mgeni huomba nafasi kwa simu. Mtaa ukijaa, taa huwa nyekundu na kizuizi hakifunguki. Mpango huo niliuunga mkono, maana kabla yake hatukuwa na pa kukanyaga. Wakazi tuna kadi za kupitia wakati wowote. Ndugu zetu wakija kututembelea, huhesabiwa pamoja na watalii.

Leo, tarehe 14 mwezi huu, asubuhi, alifariki jirani yangu, Fundi Saa. Saa nane mchana nilikuwa sebuleni kwa mjane wake. Tulikuwa tumepanga viti ukutani kote. Hakuja mtu. Dirishani walipita mamia ya watu wakicheka. Mmoja aliegemea mlango wa marehemu akapigwa picha. Kila vishindo vya viatu vilipokaribia, mjane alijiweka sawa, kisha viatu vikapita.

Akaniuliza, "Dada, mara hii wameshamsahau?"

"Watakuja, mdogo wangu."

Saa tisa na nusu nilikwenda kizuizini. Waombolezaji walikuwa wamesimama juani tangu adhuhuri. Mlinzi, kwa adabu zote, alikuwa akimwelekeza mdogo wake marehemu, mchukuzi wa mizigo tunayemwita Winchi, namna ya kuomba nafasi.

"Kaka, hapa chagua sababu ya kuja: picha, manunuzi au mapumziko."

"Nimefiwa."

"Hiyo haimo. Weka mapumziko, itapita."

"Kaka yangu kalala ndani, mimi niweke mapumziko? Una akili timamu wewe?"

Shangazi yao akadakia, "Weka manunuzi, mwanangu. Sanda si tutanunua?"

Watu walicheka, kisha wakainamisha vichwa.

Winchi akabonyeza mapumziko. Jibu likaja kwamba nafasi iliyo wazi ni ya keshokutwa. Alitia simu mfukoni, akakishika kizuizi kwa mikono miwili, akakiinua mpaka kikakatika. Hakumpiga mtu wala hakutukana. Walinzi walimkamata kabla hajavuka. Wengine wakarudishwa nyuma.

Niliporudi nilimweleza mjane kwamba watu wote wako kizuizini, nikawataja mmoja mmoja. Alivitazama vile viti, akaniomba niyarudie majina.

Maziko ni kesho saa nne asubuhi. Wakazi tumeamua: saa mbili tutakuwa kizuizini na kadi zetu, na kila mwombolezaji ataingia akiwa ameshikwa mkono na mkazi. Bwana Meneja, kilichobaki kwako ni kusimamisha wageni hadi jeneza litoke. Mheshimiwa, kwako tunaomba Winchi apewe dhamana usiku huu, ambebe kaka yake.

Niliyoyaona na kuyasikia yameishia hapo. Nimesomewa, nami nayathibitisha.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Yameandikwa nami tarehe 14, saa moja jioni. Shahidi alitakiwa kusubiri nakala yake. Alikataa, akisema mjane amebaki peke yake.