Panya Asiyefuata Sukari

Mwende mjukuu wangu,

Salamu kutoka hapa Umoja. Mama yako ni mzima, yuko dukani kama kawaida. Maji ya mfereji yalirudi jana, tukashukuru Mungu. Mimi nipo tu. Magoti yamevimba tena.

Umeuliza mbona siku hizi sikupigii simu, kama nimekukasirikia.

Nilipokuwa msichana nilifanya kazi ya kusafisha vizimba vya panya kwenye maabara moja. Panya alibonyeza kijiti mara nyingi ndipo apate tone la maji ya sukari. Wale waliodungwa sindano ya kuwasha uvimbe mwilini hawakubonyeza, walijikunja tu pembeni. Mimi nikaandika kwenye daftari: "Hawa hawapendi sukari."

Siku moja nikamwonea mmoja huruma, nikamwekea kisahani cha maji ya sukari mdomoni. Alilamba mpaka kikakauka.

Nikamwita daktari. Akacheka kidogo, akasema, "Mwili ukivimba unatuma ujumbe kwenye ubongo, na ile dopamini, kemikali ya ubongo inayomsukuma panya atafute kitu, inapungua. Utamu bado anausikia, binti. Nguvu ya kuufuata ndiyo hana. Hebu futa hayo uliyoandika."

Nilifuta, lakini sikuyaelewa vizuri mpaka nilipozeeka. Simu iko hapa kando ya mto wangu wa kulalia, na asubuhi nyingi naitazama tu hadi chai inapoa.

Kwa hivyo na wewe futa hilo la kukukasirikia, Mwende. Piga wewe. Nitapokea.

Nyanya yako